Mashina Hayadanganyi

Kijana anayeninyoa nywele hapa Kunduchi Mtongani ana swali moja ambalo huniuliza kila ninapokaa kwenye kiti chake. Huanza kwa adabu: "Shikamoo, Mwalimu." Nami humjibu: "Marahaba, mwanangu." Kisha hunifunga kitambaa shingoni, hukitazama kichwa changu kama fundi anavyotazama ukuta uliopasuka, na kuuliza: "Leo tunapaka, au tunanyoa tu?"

Kwa muda wa miaka minane sasa jibu langu limekuwa lile lile: tunanyoa tu. Lakini yeye hakati tamaa. Rafu iliyo nyuma yake imejaa pakiti za piko, na kila pakiti ina picha ya mtu mwenye kichwa cheusi kama mkaa, anacheka. Sijapata kuona pakiti yenye picha ya mtu aliyenuna.

Swali la kijana huyu si la kipuuzi, nami sina haki ya kulidharau, kwa kuwa kuna wakati nililijibu vingine. Katika kurasa hizi nataka kuihakiki piko kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu kuhakiki shairi au mchezo wa kuigiza: inadai nini, inalitimiza vipi dai lake, na mwishoni inamwacha wapi mwenye kuitumia. Sikusudii kumcheka mtu. Anayemcheka mwenzake kwa kupaka piko, mara nyingi ni yule ambaye mvi hazijamfikia, au yule ambaye upara umemwondolea taabu ya kuchagua.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Watu husema nywele "zimegeuka" nyeupe, lakini unywele hauna uwezo wa kugeuka. Sehemu tunayoiona juu ya ngozi haina uhai. Ndiyo maana mkasi hauumizi. Kilicho hai ni shina lililo chini ya ngozi. Humo kuna chembe zinazotengeneza melanini, yaani ile rangi inayoufanya unywele kuwa mweusi. Umri ukisogea, chembe hizo hupungua na kuchoka, na unywele unaofuata huota bila rangi. Kwa hiyo mvi si nywele nyeusi iliyofubaa. Ni nywele mpya, iliyozaliwa nyeupe.

Piko nayo hufanya kazi juu ya ile sehemu isiyo hai, basi. Viungo vya rangi huingia ndani ya unywele, hukutana na hewa au na dawa ya haidrojeni peroksaidi, na hapo hugeuka kuwa vyeusi na kunasa humo. Shina haliambiwi lolote. Wakati mwenye kichwa anajitazama kwenye kioo na kutabasamu, shina lake linaendelea kusukuma juu unywele mweupe, kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwezi, na kwa nywele zetu za kipilipili pengine chini ya hapo kidogo. Siku kumi zikipita, weupe huonekana kama vumbi kwenye mstari wa paji la uso. Wiki tatu zikipita, kila mwenye macho anajua.

Kwa mwanamume anayenyoa chini, mambo huwa mabaya zaidi. Mashine ya kinyozi hukata kilicho juu, na kilicho juu ndicho cheusi. Huingia saluni akiwa mweusi, akatoka mweupe, kisha inambidi apakwe tena siku ile ile. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kinyozi wangu ana akili ya biashara kuliko wahasibu wengi: anauza piko kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaiondoa.

Sasa nieleze namna nilivyoingia humo. Nilistaafu utumishi wa umma nikiwa na miaka 60, kama sheria inavyotaka. Pensheni ya mwalimu mnaijua. Nikasikia shule moja ya binafsi inatafuta mwalimu mkuu msaidizi, nikapeleka barua. Kabla ya usaili, rafiki aliyekuwa akifundisha huko alinivuta pembeni na kuniambia kwamba mwenye shule hapendi "sura za kuchoka", maana wazazi wanaolipa ada kubwa wanataka kuona nguvu. Jumamosi iliyotangulia usaili nilikwenda kupaka piko kwa mara ya kwanza. Jumatatu nilipata kazi.

Siwezi kusema nilipata kazi kwa sababu ya nywele. Ila tangu siku ile nilikuwa nimefunga mkataba wa pili, ambao haukuandikwa popote: kwamba sitaonekana mzee. Mkataba wa kwanza ulifanywa upya kila Desemba. Huu wa pili ulitaka kufanywa upya kila baada ya wiki tatu, kwa muda wa miaka saba. Nilijifunza kulalia kitambaa cheusi ili foronya isichafuke, na kusugua nyuma ya masikio kwa ndimu. Nilianza kukaa mbali na dirisha kwenye vikao, na watoto waliponizunguka nikiwa nimeketi, nilisimama haraka wasije wakaona utosi. Mtu aliyefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, akiwahimiza watoto wasogee karibu waone vizuri, sasa alikuwa akiwakwepa.

Mwaka wa saba, ngozi ilikataa. Kulikucha siku moja uso umevimba, kope zimefumba, na kichwa kinawasha kama kimemwagiwa upupu. Zahanati waliniambia ni mzio wa kiungo kiitwacho parafenilenidiamini, ambacho kimo katika rangi nyingi nyeusi za nywele, na kwamba mwili unaweza kukivumilia kwa miaka, kisha siku moja ukakikataa moja kwa moja. Baadaye nilisoma kwamba huko Ulaya sheria haikiruhusu kuzidi asilimia 2 katika rangi inayopakwa kichwani, na hairuhusu kabisa kipakwe kwenye ngozi. Nchini Sudan, ambako unga wake umezoeleka kuchanganywa na hina ili mchoro uwe mweusi upesi, madaktari wameeleza visa vya watu kuvimba uso na koo hadi kukosa pumzi, na wengine waliokimeza kuharibika figo. Si kitu cha mchezo.

Lakini uvimbe haukuwa jambo kubwa siku ile. Jambo kubwa lilikuwa simu niliyopiga shuleni. Nilimwambia mkuu wangu kwamba nimeumwa na nyuki. Nilimtajia hadi mti waliokuwamo, mwembe wa jirani. Nilipokata simu nilibaki nimekaa kitandani, macho hayaoni, nikijisikiliza. Hakuna mtu aliyekuwa amenilazimisha kusema neno lolote juu ya nyuki. Ningeweza kusema naumwa, ikatosha. Ila nilikwisha kuzoea kulinda kitu, na anayelinda kitu hatimaye huongeza ukuta hata pasipohitajika. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika mwisho.

Nilirudi kazini na kichwa changu kama kilivyo. Watoto walishangaa siku mbili, siku ya tatu wakasahau. Desemba ilipofika, mkataba haukufanywa upya. Sikuambiwa sababu, nami sikuuliza. Nalitaja hili ili msomaji asidhani nakuja na hadithi ambayo mkweli hupewa zawadi mwishoni. Mkweli alirudi nyumbani kwake Kunduchi, akaanza kufuga kuku.

Nikiwa nyumbani nilipata muda wa kufikiri, nami nikajiuliza swali la mhakiki: kosa la piko ni lipi hasa? Haliwezi kuwa kujipamba. Watu wa pwani wamejipamba tangu zamani na hawajapata kuona haya. Hapa hapa Kunduchi tuna magofu: msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo zilizopachikwa bakuli za kaure zilizosafirishwa kutoka China. Hakuna anayeitazama nguzo ile na kudhani kwamba jiwe limeota kaure. Bakuli linasema wazi: mimi ni pambo, nimeletwa kutoka mbali, nimewekwa hapa kwa heshima ya aliyelala chini. Bibi Mwana Kupona wa Pate, katika utendi aliomwandikia binti yake mnamo mwaka 1858, anamwusia asiache hina wala wanja. Hina nayo ni vivyo hivyo. Hakuna anayezaliwa na kucha nyekundu, wala anayedanganyika akiziona. Hata binti anayesuka rasta ndefu hadi kiunoni hajamdanganya mtu, kwa sababu wiki iliyopita sote tulimwona na nywele fupi, na yeye anajua kwamba tulimwona.

Nikahitimisha kwamba mapambo ni ya aina mbili: linalojionyesha na linalojificha. La kwanza likionekana, limefanikiwa. La pili likionekana, limeshindwa. Piko ni pambo la aina ya pili. Sifa yake kubwa kabisa ni mtu asiseme lolote juu yake. Ndiyo maana mwenye kuipaka hapumziki: kila anayemtazama kichwani anageuka kuwa mtahini.

Nilipata ushahidi kwa urahisi, kama kila mtu aliyekwisha kuamua. Jirani yangu mmoja, mtu wa elimu ya dini, alinikumbusha kisa cha mzee Abu Quhafa, baba yake Abubakar, aliyeletwa mbele ya Mtume siku ya kufunguliwa Makka, mwaka 630, kichwa na ndevu vikiwa vyeupe pepe. Imam Muslim ameipokea habari ya kwamba Mtume aliagiza weupe ule ubadilishwe kwa kitu, ila nyeusi iepukwe. Wanazuoni wametofautiana juu ya uzito wa katazo hilo, nami si mwenzao. Lakini niliona mantiki yake: hina inamwacha mzee akiwa mzee aliyejipamba. Wakristo nao wana agizo katika kitabu cha Mambo ya Walawi la kusimama mbele ya mwenye mvi. Sasa, nilijiambia, tutamsimamia nani ikiwa mvi zenyewe zimefichwa?

Nilimkumbuka pia Gerhard Schröder, aliyekuwa Chansela wa Ujerumani. Mwaka 2002, mwaka wa uchaguzi, shirika moja la habari lilichapisha maneno ya mshauri mmoja wa mambo ya sura aliyedokeza kwamba Chansela hupaka rangi mvi za kwenye panja. Schröder alikana na akaenda mahakamani mjini Hamburg, na mahakama ikalizuia shirika lile kuyarudia maneno hayo. Nchi ina mamilioni ya watu wasio na kazi, na majaji wanajadili nywele. Alishinda kesi, lakini tafakari: ingekuwa aibu gani ya kwenda mahakamani kama wapiga kura wasingekuwa wanasoma ukweli wa mtu kwenye panja zake?

Na nikamkumbuka Nelson Mandela. Tarehe 11 Februari 1990 alipotoka gerezani, sisi huku Bara hatukuwa bado na televisheni. Tulisikiliza redio, kisha tukasubiri picha za magazeti. Picha tulizokuwa tumezizoea zilikuwa za kijana mnene mwenye nywele nyeusi zilizogawanywa kwa mstari. Gazeti likatuletea mzee mwembamba mwenye kichwa cha fedha. Miaka 27 ilikuwa imeandikwa pale, bila hotuba. Mtu angempaka piko asubuhi ile, angekuwa amefuta nusu ya habari.

Kwa hoja hizi nilijiona nimekamilika. Niliwahubiria wastaafu wenzangu kwenye kibaraza cha kahawa, na wengine waliacha kukaa karibu nami. Kisha mke wangu akavunjika nyonga.

Yeye amepaka piko tangu alipokuwa na miaka arobaini na kitu. Mvi zilimwanza mapema, kama zilivyomwanza mama yake. Wodini alilala wiki sita. Kitanda cha hospitali hakina siri: mashina yakaota, na mgawanyiko ukawa dhahiri, nyeusi juu, nyeupe chini, upana wa kidole. Siku moja kabla ya wajukuu kuja kumwona, alinishika mkono akasema kwa sauti ndogo: "Baba, kesho niletee piko yangu na kile kitana chembamba. Unipake wewe."

Nami nilifanya nini? Nilimhubiria. Nilimwambia habari ya bakuli za kaure na Abu Quhafa. Nilimwambia kwamba wajukuu wanampenda alivyo. Nilisema maneno mengi, yote ya kweli, mbele ya mtu asiyeweza kuinuka akaondoka. Hakunijibu. Siku ya pili wajukuu walipoingia, alikuwa amejifunga khanga hadi kwenye nyusi, na uso ameuelekeza ukutani. Mdogo wao aliuliza kwa nini bibi hataki kuwaona. Nilikuwa nimeshinda hoja na kumshinda mgonjwa.

Alipopata nafuu na kurudi nyumbani, nilimwomba radhi, kisha nikamwuliza kwa dhati, si kama mtahini, anamficha nani umri wake. Alicheka. "Namficha nani, Baba? Wajukuu wote wanaijua miaka yangu. Shoga zangu wote nao wanapaka, tunapakana. Mimi nikijitazama kwenye kioo nataka nimwone mtu ninayemfahamu. Nikiona kile cheupe namwona mama yangu siku zake za mwisho."

Jibu hilo lilinivunjia mizani yangu ya mapambo mawili. Piko yake haikuwa pambo linalojificha. Kila aliyemhusu alikuwa akijua. Ilikuwa imejionyesha miaka yote, ila mimi nilikuwa nimeipima kwa kichwa changu, na kichwa changu ndicho kilichokuwa na hofu ya mwajiri.

Yapo na mengine ambayo mhakiki mwanamume huyapita haraka. Mvi zangu ziliponitoka, kibarazani niliitwa mzee wa busara, nikapishwa kiti. Mke wangu mvi zikimtoka, huulizwa kama anaumwa. Na katika nchi yetu hii, pande za Shinyanga na Mwanza, wapo bibi vizee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama iliyotumika dhidi yao ilikuwa macho mekundu, ambayo wengi wao waliyapata kwa kupika kwenye moshi miaka na miaka. Mahali ambapo dalili ya uzee wa mwanamke imewahi kuwa ushahidi wa kumwua, ni vema anayewahimiza wanawake waonyeshe uzee wao akasema kwa sauti ya chini.

Je, nimeifuta hukumu yangu? La, nimeirekebisha. Piko bado ni hatari kwa ngozi na bado ni mtumwa mwenye bwana anayerudi kila wiki tatu. Bado nadhani kijana anayesoma huku amezungukwa na wazee wasio na mvi ananyimwa kitu: anakosa kuona jinsi watu wanavyozeeka wakaendelea kufanya kazi, kucheka na kujua mambo. Lakini lawama niliyoitupia pakiti ilikuwa na wenyewe. Iliwahusu wanaomwajiri mwalimu kwa rangi ya utosi, na ilinihusu mimi niliyekubali bei hiyo kimyakimya, nikailipa miaka saba, hadi nikawasingizia nyuki wa jirani. Mizani ninayoitumia siku hizi ni nyepesi kuliko ile ya kwanza. Siulizi tena kama mtu amepaka. Namwuliza, nikiwa na haki ya kumwuliza: mtu akiyaona mashina yako, utacheka au utatetemeka? Ukiweza kucheka, jipake ukipenda. Ukitetemeka, kinachokuuma hakiko kichwani.

Siku hizi mimi ndiye ninayempaka. Kwanza humpaka tone dogo kwenye kiwiko, tukasubiri saa 48 kuona kama ngozi itawasha; juu ya hilo sina mzaha, maana nyonga ikipona koo lisije likavimba. Kisha huketi barazani jioni, khanga kuukuu mabegani, nami nikiwa na glovu za plastiki na kile kitana chembamba. Nyuma ya masikio na kisogoni, ambako mkono wake haufiki tangu alipovunjika, ndiko kwenye kazi. Nimezijua nywele zake kwa namna ambayo sikuzijua katika miaka yote ya ndoa yetu. Barabarani hupita watu, husalimu, huona. Yeye huitikia salamu akiwa na kichwa kilichojaa piko, wala haoni haya.

Kwa hiyo mwezi uliopita kijana wa Mtongani aliponifunga kitambaa shingoni na kuniuliza kama tunapaka au tunanyoa tu, nilimjibu kama kawaida kwamba tunanyoa tu. Alipomaliza nikamwomba anifungie pakiti moja ya piko. Alinitazama kupitia kwenye kioo, kitambaa kikiwa bado mkononi. "Umebadili mawazo, Mwalimu?"

"Kidogo," nikamwambia. "Hiyo ni ya Mama."